Ubao Mmoja wa Iviani

Siku mliyoniaga pale ofisini, mmoja wenu, yule kijana wa upande wa ramani, aliniuliza ni kazi gani katika miaka yangu yote ya maji ninayoionea fahari kuliko nyingine. Nilimjibu kwamba ni zote. Lilikuwa jibu la mtu aliyekwisha kuona nyama ikitolewa motoni. Sasa nimetulia nyumbani Kwa Vonza, sina barua ya kujibu wala gari la kungoja, na nimeona niwaandikie jibu la kweli. Ni mfereji wa Iviani. Sikuuchimba mimi, na wala si mimi niliyeuokoa. Mchango wangu mkubwa ulikuwa kuuharibu, kisha kukubali mbele za watu kwamba nimeuharibu.

Wale ambao hamjafika huko, Iviani iko kwenye miteremko ya juu ya Kasikeu. Chemchemi inatoka chini ya mwamba, na mfereji unaanzia hapo, unashuka ukizunguka vilima, mwendo wa kama saa mbili kwa miguu, ukinywesha mashamba ya pande za chini. Hauna upana wa kutisha. Mtu mzima anauruka bila kukunja suruali. Lakini mwaka ambao mvua imekataa, kilicho kijani Iviani ni kile tu ambacho mfereji umekipitia, na hilo mtu wa Ukambani haelezwi mara mbili.

Nilipelekwa huko mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa nimetoka kufunzwa upimaji. Nilikuwa na darubini ya kupimia kwenye sanduku lake la mbao, daftari jipya, na viatu vyeusi nilivyonunua kwa ajili ya kazi ya serikali. Msimamizi wangu alikuwa Mzee Nzioka, fundi wa mifereji ambaye hakuwahi kukaa darasani zaidi ya miaka mitatu. Aliitazama darubini, akatazama viatu, akasema, "Hiyo sanduku acha kwa gari. Leo hatupimi. Leo tunatembea."

Tukatembea. Njiani alinisimulia jinsi mfereji ule ulivyochimbwa, zamani za ukoloni, wanaume wengi wakiwa kwenye kazi za reli na Nairobi. Waliouchimba walikuwa wanawake, kwa mwethya, yaani kundi la majirani wanaofanya kazi ya kila mmoja kwa zamu huku wakiimba. Hawakuwa na darubini. Walikuwa na chupa. Waliijaza maji karibu yote, wakaiziba, wakailaza juu ya mti ulionyooka, na kipovu cha hewa ndani yake kikawaambia upande gani umeinuka. Chini ya ncha ya mti iliyoelekea kunakoshuka maji walifunga kijiwe cha unene wa kidole, ili kipovu kikisimama katikati wajue mfereji umeshuka kiasi hicho, si zaidi. Chupa ya kwanza ilikuwa ya bia. Wazee wa kanisa waliikataa, wakauliza maji yanayoongozwa na kitu kama hicho yatafika wapi. Ikatafutwa ya dawa ya kikohozi, na kazi ikaendelea.

Nilicheka, kama mnavyocheka sasa. Wiki mbili baadaye niliupima mfereji wote kwa darubini yangu, na mteremko wao ulikuwa sawa kutoka juu hadi chini. Mahali pamoja palinipa taabu siku nzima, nikaandika kwamba hapo walikosea. Nzioka akaniomba nipime tena. Aliyekosea alikuwa mimi. Tangu siku hiyo nimewaheshimu wanawake wale kuliko mhandisi yeyote niliyewahi kumbebea mwavuli, na niliwabebea kadhaa.

Lakini turudi kwenye siku ya kwanza, maana kuna jambo nililowaficha watu kwa miaka mingi. Tulipofika katikati ya mfereji viatu vipya vilikuwa vimenichuna visigino. Nikamwambia Nzioka nina karatasi za kuangalia, nikapanda hadi barabarani, nikaingia kwenye Landrova, na dereva akanizungusha hadi mwisho wa mfereji. Nzioka akaendelea kwa miguu peke yake.

Mwisho wa mfereji palikuwa na shamba la Mbithe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Alikuwa amekuja pale akiwa bibi arusi na kuchimba kipande chake cha mfereji yeye mwenyewe. Alikuwa na michungwa michanga, ameipanda kwa mistari, kila mmoja na bakuli lake la udongo kuzunguka shina. Wote walimwita mwaitu, yaani mama yetu, nami nikamwita hivyo.

Akaniuliza, "Umetembea yote?"

"Ndiyo, mwaitu. Yote."

Akatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevipangusa garini, vilikuwa vinang'aa. Kisha akaniwekea isyo kwenye bakuli, nami nikayala mahindi na maharagwe yale punje moja moja hadi Nzioka alipotokea nusu saa baadaye, matope hadi magotini.

Siku hiyohiyo niliona kitu ambacho sikukielewa. Ukutani kwa Mbithe palikuwa pameegemezwa ubao wa mti mgumu, upana wake sawasawa na mfereji, umechongwa mshiko wa mkono juu. Nikauliza ni wa nini. Nikaambiwa ndio unaogawa maji. Mfereji mzima ulikuwa na ubao huo mmoja tu. Zamu ilianza mkiani. Maji yalishuka yote hadi kwa Mbithe, na yeye hakuhitaji kuyaziba kwa sababu hayakuwa na pa kwenda zaidi. Akimaliza, alibeba ubao hadi kwa jirani wa juu yake, naye akauchomeka mferejini chini ya mdomo wa shamba lake ili maji yageuke yaingie. Akishiba, akaupandisha kwa mwenzake. Hivyo hivyo, mkono kwa mkono, hadi shamba la kwanza karibu na chemchemi. Na yule wa juu kabisa, akimaliza, alilazimika kuubeba ubao njia yote hadi kwa Mbithe ili zamu ianze upya.

"Kwa nini muanze mwisho?" nikauliza.

"Tulianza hivyo," Mbithe akasema.

Kulikuwa na desturi ya pili. Mfereji wote uligawanywa vipande vya mipini kumi ya jembe, na kila kipande kilikuwa na jina la aliyekichimba. Akifa, mke wa mwanawe alirithi kukisafisha. Vipande havikufuata mashamba. Mwenye shamba la juu angeweza kuwa na kipande cha chini kabisa, kwa kuwa ndiko mwethya ulikuwa umefika siku ile mama mkwe wake alipokuja na jembe. Niliona ni fujo. Jioni nikaandika kwenye daftari langu jipya kuhusu ubao na vipande, na chini yake nikaweka maneno matatu: "Desturi. Haina sababu."

Miaka iliyofuata nilijifunza kazi hasa, na mwalimu alikuwa Nzioka. Alinionyesha kwamba shimo la kaa ukingoni halizibwi kwa mawe, unaliziba kwa udongo wa kichuguu uliolowekwa usiku kucha, kisha unapitisha mbuzi juu yake waukanyage. Alinionyesha kusikiliza mfereji: maji yanayopiga kelele yanakula ukingo, na yaliyonyamaza kabisa yanaacha tope. Alikuwa na sululu moja aliyobadilisha mpini mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyejua kilichobaki cha asili. Alipostaafu alinipa sululu hiyo na ushauri mmoja, nisiwe na haraka ya kurekebisha kitu kinachofanya kazi. Sululu nimeitunza.

Kisha ikaja mvua ile kubwa ya miaka ya sabini, mwishomwisho. Ilinyesha hadi vilima vikaanza kuteleza. Mdomo wa mfereji ulisombwa, na mahali mfereji ulipovuka korongo pakabaki pengo ambalo lori lingeingia. Iviani ikakauka. Wanawake wakarudi kuchimba mchanga wa mto kutafuta maji, na Mbithe alikuwa akibeba debe mgongoni kuinywesha michungwa yake, mti mmoja mmoja. Wakati huo ilikuwa ikizaa, na karo za watoto wake zilining'inia kwenye matawi yale.

Ufadhili ulipopatikana, kazi ya kuufufua nilipewa mimi. Nitasema bila haya kwamba ujenzi tuliufanya vizuri. Mwethya ulirudi ukiwa na makarai na wilibaro, wanawake wakapondaponda kokoto kwa nyundo huku wakitunga nyimbo za kunisema, na mafundi wakajenga daraja la maji juu ya korongo ambalo limesimama hadi leo. Sehemu ya juu tuliisakafia kwa simiti. Kila shamba likawekewa mlango wake wa chuma, wenye usukani wa kuzungusha. Na mimi nikaandika ratiba. Niliipiga chapa mwenyewe. Ilianzia shamba la juu na kushuka kwa utaratibu hadi la mwisho, kila mtu na siku yake, maana niliona ni upuuzi maji yapite mashamba yote yenye kiu ndipo zamu irudi juu.

Niliisoma ratiba hiyo kwenye mkutano, nje ya kanisa. Waliokuwa juu walipiga makofi, hasa Mzee Musyoka, mzee wa kanisa mwenye shamba la kwanza. Mbithe aliinua mkono.

"Na ubao utakaa kwa nani?"

Nikacheka. "Ubao peleka jikoni, mwaitu. Sasa tuko na chuma."

Watu wakacheka pamoja nami. Mbithe akasema, "Imeandikwa vizuri," akaketi.

Msimu wa kwanza maji yalifika hadi mkiani, nami nikapiga picha. Msimu wa pili yalifika kwa Mbithe yakiwa kama ya kunawa. Wa tatu hayakufika kabisa. Nikatafuta kosa kwenye simiti yangu. Nilichunguza kila ufa, nikapima tena kwa darubini, nikakagua milango yote ya chuma nikidhani mmoja unavuja. Hakuna kilichovuja. Maji yaliyoingia juu yalitosha, mteremko ulikuwa sawa, na huku chini michungwa ilikuwa ikiacha majani. Mbithe alirudia debe lake. Alikuwa amezeeka, na niliona jinsi anavyosimama mara mbili kwenye kilima kile kupumzika. Nilikuwa nalala vibaya.

Siku moja nikaacha kila kitu kwenye gari, nikabeba sululu ya Nzioka tu, nikaanza kutembea kutoka kwenye mwamba kwenda chini. Nilitembea yote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuutembea mfereji ule kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mkupuo mmoja, ingawa nilikuwa nimekwisha kuandika ripoti nyingi juu yake. Juu palikuwa safi. Kila nilipopita shamba moja, mfereji ulizidi kuchafuka kidogo. Tope, kisha nyasi, kisha vichaka. Karibu na mwisho nilikuta mti wa mwarobaini umeota katikati ya mfereji, mrefu kunizidi.

Niliketi kando ya mwarobaini huo, na hapo ndipo nilipoelewa. Zamani hakuna aliyepata tone kabla Mbithe hajashiba. Kwa hiyo mwenye shamba la juu kabisa alikuwa na haja ya kipande cha chini kabisa kuwa safi. Alikisafisha kwa sababu alitaka kunywesha mahindi yake mwenyewe, wema haukuhitajika. Na kila zamu ilipokwisha, kulikuwa na mtu mmoja anayebeba ubao kutoka juu hadi chini, akiona kila kipande, akijua ni cha nani, na akipitia nyumbani kwa mwenyewe kumwambia. Ukaguzi ambao idara yetu haikuwahi kuumudu, wao waliufanya kwa kipande cha mbao. Mimi niliwapa milango ya chuma, na kila mtu akaweza kufungua wake na kwenda zake.

Nilimkuta Mbithe jikoni. Ubao ulikuwa pale, umewekwa juu ya mafiga kama rafu, umeshika moshi, na juu yake sufuria mbili na chumvi.

"Mwaitu, kwa nini hukuniambia?"

"Niliuliza," akasema. "Ukaniambia nipeleke jikoni. Nikapeleka."

Nikamwambia nimekosa, nikamwambia nimekosea miti yake. Akateremsha sufuria, akateremsha chumvi, akaufuta ubao kwa kanga yake. "Hiyo maneno usiambie mimi peke yangu," akasema. "Mimi nilikuwa najua."

Mkutano uliitishwa nje ya kanisa lile lile, chifu akiwepo, na bosi wangu kutoka wilayani akiwa amevaa tai. Nilisimama nikasema kwamba ratiba niliyoiandika ilikuwa mbaya, na kwamba ubao urudi. Bosi alianza kukohoa. Mzee Musyoka akasimama.

"Bwana Maji, sisi tunakaa karibu na maji. Mungu ndiye alituweka hapo. Kwa nini sasa tungoje watu wa chini washibe kwanza?"

Watu wa juu wakanung'unika kukubali, na nilijua nikijibu kwa hesabu nimeshindwa. Nikamwambia, "Mzee, sitabishana na wewe. Twende tu tutembee. Tukifika mwisho na wewe bado unasema hivyo, mimi nitanyamaza."

Hakuweza kukataa mbele ya kanisa. Tukaondoka, na nusu ya mkutano ikatufuata, bosi akiwa nyuma ameshika viatu mkononi. Musyoka alipita kipande baada ya kipande akitaja majina: kwa Nduku, kwa Syombua, kwa Mwikali. Aliyajua yote. Kadiri tulivyoshuka sauti yake ilipungua. Tulipofika kwenye mwarobaini alisimama.

"Hapa ni kwa nani?" nikauliza. Haki ya Mungu nilikuwa sijui.

"Kwa mama," akasema.

Mama yake alikuwa amefariki miaka mingi, na kipande kile kilikuwa cha mkewe kukisafisha. Lakini tangu milango ya chuma hakuna mtu wa nyumba yake aliyekuwa na sababu ya kuteremka hadi huko. Musyoka, mzee mkubwa wa kanisa, akavua koti, akamkabidhi chifu, akaniomba sululu.

Mwarobaini ulitolewa jioni hiyo, na ilichukua wiki mbili za mwethya kuufungua mfereji wote. Milango ya chuma tuliifungua nati tukaiondoa. Mmoja najua uko kwenye banda la kuku la Musyoka, na kuku wake hawajawahi kuibwa. Wilayani nilitakiwa nieleze kwa maandishi kwa nini mali ya mradi imeng'olewa. Nilifikiri siku tatu, kisha nikaandika: "Desturi. Ina sababu." Walinirudishia barua hiyo ikiwa na alama ya kuuliza, na mambo yakaishia hapo.

Siku maji yaliposhuka tena hadi mkiani nilikuwa nimesimama kwenye shamba la Mbithe. Yalikuja polepole, yakisukuma majani makavu mbele yake, yakaingia kwenye bakuli la mchungwa wa kwanza. Nusu ya miti ilikuwa imekufa. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na sijaisahau hata siku moja. Mbithe hakuitaja. Alizunguka kwenye ile iliyobaki, akigusa shina moja moja, na msimu uliofuata alipanda mingine katika mistari ile ile.

Mwaka huu, wiki ya mwisho kabla ya kustaafu, niliitwa Iviani. Nilidhani ni chai na hotuba. Nikakuta zamu imeisha, na Mzee Musyoka, sasa anatembea na fimbo, amesimama kwenye shamba la kwanza ameushika ubao. Akaniwekea mikononi. "Leo miguu yangu imekataa," akasema, ingawa nilikuwa nimemwona akishuka kilima vizuri tu. "Peleka wewe."

Nikaubeba. Ni mzito kuliko unavyoonekana, na unakata begani. Niliteremka nao saa mbili na zaidi, nikasimama kwa Nduku kuondoa tawi, nikapita nyumbani kwa mke wa mwana wa Syombua kumwambia kaa ametoboa ukingo wake. Gari la ofisi lilikuwa linanifuata barabarani kwa mbali. Dereva alipiga honi mara moja, kwa ukarimu, nami nikampungia mkono aende.

Mbithe alikuwa ameketi mlangoni. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na alichukua muda kujua ni nani. Nikauegemeza ubao ukutani, mahali pake. Nilingoja aniulize lile swali la siku ya kwanza, kama nimetembea yote, nilikuwa na jibu tayari tangu miaka mingi. Hakuuliza. Aliinama, akagusa viatu vyangu kwa kiganja, tope lote lile, kisha akanisogezea kigoda na kuniwekea isyo.